Vyuma vya Kifundo cha Mguu: Vibaki au Vitolewe?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga walipoitunga methali hiyo hawakuwa na habari za vyumba vya upasuaji. Hata hivyo, ndugu msomaji, ni vigumu kupata methali inayomfaa zaidi mtu aliyevunjika kifundo cha mguu akawekewa bamba la chuma na skrubu. Mgeni huyo huingia mwilini ili mwenyeji wake, yaani mfupa, apate kupona. Miezi hupita, mfupa huunga, magongo hurudishwa kwa jirani aliyeyaazima, na mgeni bado yumo ndani. Hapo huzuka swali ambalo wagonjwa wengi hulipeleka sokoni na kijiweni kabla ya kulipeleka kwa daktari: je, mgeni huyu sasa aondoke?

Leo tunalichukua swali hilo na kupanda nalo hadi Karatu na Ngorongoro. Tumechagua huko kwa sababu ni nchi ya watu wanaoishi kwa miguu yao, na jibu la swali letu linategemea sana kazi ambayo mguu unafanya.

NCHI YA WATEMBEAO

Anayetoka Arusha kwa basi hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha hufika Karatu, mji wenye udongo mwekundu ambao wakati wa masika hugeuka utelezi mtupu. Kutoka hapo barabara huendelea hadi lango la Lodoare, na baada ya lango hupanda msituni hadi ukingo wa kreta, mahali palipo juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Sakafu ya kreta iko chini ya hapo kwa mita zipatazo 600. Hapo mfugaji hutembea na ng'ombe wake, mkulima hupanda na kushuka vilima na jembe lake, askari wa wanyamapori hushika doria, na mhudumu wa hoteli husimama kutwa nzima.

Hata historia ya kutembea kwenyewe ina alama yake katika eneo hilo. Huko Laetoli, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mwaka 1978 watafiti waliokuwa pamoja na Mary Leakey walipata nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Nyayo hizo zilikuwa zimehifadhiwa katika majivu ya volkano kwa muda upatao miaka milioni 3.6. Tangu zama hizo uzito wote wa mwenda kwa miguu miwili umekuwa ukipita katika viungo viwili vidogo, kimoja kila mguu. Viungo hivyo ndivyo vifundo.

Ili tuelewane vizuri, tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni mama anayeuza vitunguu katika soko la Karatu, vitunguu vinavyoletwa kwa magari kutoka Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Aliteleza matopeni akiwa na gunia kichwani, mguu ukapinda. Wa pili ni askari wa wanyamapori aliyeanguka na pikipiki. Watu hawa wawili tumewabuni, lakini kila mkazi wa huko anamjua mtu anayefanana nao. Wote walivunjika nundu ya nje ya kifundo, wote wakawekewa bamba na skrubu, na mifupa yao ikaunga. Tutaona kwamba, ingawa chuma chao ni kimoja, ushauri wao si mmoja.

KAZI YA CHUMA

Kifundo cha mguu kimejengwa kwa mifupa mitatu. Muundi, ambao ni mfupa mkubwa wa mguu wa chini, hufanya nundu ya ndani. Mfupa mwembamba unaokwenda sambamba na muundi hufanya nundu ya nje. Katikati ya nundu hizo mbili umekaa mfupa wa tatu, ambao hucheza humo kama ulimi wa mlango katika kitasa chake. Nundu moja ikivunjika na kusogea hata kwa milimita chache, kiungo hukosa ulinganifu, na gegedu inayofunika ncha za mifupa huanza kulika. Mtu huyo anaweza kupata baridi yabisi ya kifundo hicho kabla ya uzee wake.

Zamani dawa ilikuwa kunyoosha mguu na kuufunga. Katika miaka ya 1850 daktari wa jeshi wa Kiholanzi, Antonius Mathijsen, alieneza matumizi ya bandeji yenye unga wa jasi, na hiyo ndiyo asili ya plasta ngumu ambayo wengi huiita P.O.P. Plasta hiyo inafaa hata leo kwa mifupa ambayo haikusogea. Kwa iliyosogea, madaktari walitafuta njia ya kuishika kutoka ndani. Mbelgiji Robert Danis alitoa kitabu maarufu juu ya jambo hilo mwaka 1949, na mwaka 1958 madaktari wa upasuaji wa Uswisi, miongoni mwao Maurice Müller, waliunda chama cha kutafiti na kufundisha ufungaji wa mifupa kwa bamba na skrubu. Mafunzo yao yameenea duniani kote.

Jambo la kukumbuka ni hili: chuma hakiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe kwa damu na chembe hai za mwili. Kazi ya chuma ni kuushika utulie mahali pake mpaka kazi hiyo iishe, kama vile miti ya mwashi inavyoshika zege mpaka likauke. Mfupa ukishakomaa, chuma hakina kazi tena. Lakini kukosa kazi si sababu tosha ya kukifukuza.

MANENO YA MTAANI

Mama yetu wa vitunguu anatembea vizuri. Anavaa kandambili, anabeba ndoo zake, na jioni mguu humvimba kidogo tu akisimama sana. Lakini majirani hawamwachi. Mmoja humwambia kwamba chuma kitaoza ndani. Mwingine humwambia kwamba kitageuka sumu. Wa tatu humwonya kwamba asipokitoa upesi, mfupa utakimeza na mguu utakatwa. Mama anaanza kuuza kuku ili apate nauli na fedha ya upasuaji ambao mguu wake haukuuomba.

Tuyapime maneno hayo moja baada ya jingine. Vyuma vinavyowekwa mwilini si vya misumari ya kupigia mabati. Vingi ni vya chuma cha pua kilichochanganywa na kromiamu, nikeli na molibdenamu. Vingine ni vya titaniamu. Kromiamu hufanya utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo hukilinda kisishike kutu kirahisi katika majimaji ya mwili. Wako watu ambao ngozi yao haipatani na nikeli, lakini ni nadra tatizo hilo kuwa sababu ya kutoa bamba la kifundo. Ama habari ya mguu kukatwa kwa sababu tu chuma kimekaa sana, hiyo haina msingi. Ni kweli kwamba mfupa huweza kuota juu ya bamba miaka ikipita, na hapo kazi ya kulitoa huwa ngumu zaidi. Lakini mtu asiye na shida hana haja ya kulitoa.

Lipo neno moja la mtaani lenye ukweli ndani yake, nalo ni la baridi. Ukingo wa Ngorongoro asubuhi ya Julai ni baridi kali, na wenye vyuma husema mguu huwauma zaidi wakati huo. Hawasemi uongo, na madaktari wanayajua malalamiko hayo. Lakini mguu uliowahi kuvunjika huweza kuuma wakati wa baridi hata usipokuwa na chuma. Kwa hiyo anayekwenda kutolewa bamba kwa ajili ya baridi pekee asiahidiwe kwamba maumivu yatakwisha. Soksi nzito zina gharama ndogo kuliko kisu.

Kwa mtu mzima ambaye mfupa umeunga na chuma hakimsumbui, ushauri wa kawaida wa madaktari wa mifupa siku hizi ni kukiacha chuma mahali kilipo. Mama wa vitunguu na arudishe kuku wake bandani.

ASKARI NA BUTI LAKE

Sasa tumtazame askari wetu. Mfupa wake umeunga vizuri kama wa mama. Lakini kazi yake humtaka avae buti gumu lenye shingo ndefu, na bamba lake liko upande wa nje wa kifundo, mahali ambapo hakuna nyama nyingi; kuna ngozi, kisha chuma. Kila hatua buti husugua vichwa vya skrubu. Ngozi imekuwa nyekundu, na akirudi kutoka doria huchechemea. Amejaribu kuweka sponji, amejaribu kubadili buti, na bado hali ni ile ile. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umekomaa. Huyu ana sababu ya kweli ya kutaka mgeni aondoke.

Sababu za kweli si nyingi, na ni vyema kila nyumba yenye mgonjwa izijue. Ya kwanza ni hiyo ya askari: chuma kinachochomoza chini ya ngozi na kuumiza mahali pale pale kinapoguswa. Ya pili ni uambukizo: ngozi kuwa nyekundu na moto, kidonda kutoa usaha, au kovu lililopona kufunguka tena. Hii haingoji; yapasa kwenda hospitali mara moja, maana vijidudu hujificha juu ya chuma na dawa peke yake huenda isivifikie. Ya tatu ni chuma kuvunjika, kulegea, au kuingia ndani ya kiungo. Ya nne ni umri: kwa mtoto ambaye bado anakua, daktari mara nyingi hupanga kuvitoa vyuma ili visizuie wala kupindisha ukuaji.

Ipo pia skrubu moja ya pekee inayostahili maelezo yake. Mishipa inayofunga muundi na ule mfupa mwembamba ikichanika, daktari hupitisha skrubu ndefu kutoka mfupa mmoja hadi mwingine ili visiachane. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kuitoa skrubu hiyo baada ya miezi mitatu hivi, kwa hofu kwamba itazuia kifundo kucheza au itakatika. Uchunguzi wa miaka ya karibuni, ukiwemo ule uliofanywa Uholanzi, umeonyesha kwamba wagonjwa walioachiwa skrubu hiyo mpaka iwasumbue hawakuwa na hali mbaya kuliko wale waliotolewa wote kwa ratiba. Skrubu ikikatika, mara nyingi hukatika bila madhara. Hata hivyo madaktari bado wana taratibu zao, na kila kifundo kina habari yake. Ukiwa na skrubu ya namna hiyo, muulize daktari wako waziwazi: mpango ni upi, na kwa nini?

SIKU YA UPASUAJI

Daktari hagusi bamba kabla mfupa haujaunga kabisa, na wengi hupenda upite mwaka mmoja hivi tangu upasuaji wa kwanza. Kabla ya yote hupigwa eksirei mpya. Siku yenyewe mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni au hupewa nusu kaputi. Kwa skrubu moja iliyo karibu na ngozi, ganzi ya mahali hapo huweza kutosha. Daktari hufungua kovu lile lile la zamani, husafisha nyama iliyoota juu ya vichwa vya skrubu, huzitoa moja moja kwa bisibisi, kisha huinua bamba. Mambo yakienda sawa, ni kazi ya saa moja au chini ya hapo, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Upasuaji huu huitwa mdogo, lakini, ndugu msomaji, mdogo si sawa na mwepesi. Kidonda cha chini ya goti kilichofunguliwa mara ya pili huweza kuingia vijidudu, na jambo hilo si adimu, hasa kwa wenye kisukari na wavutaji wa sigara. Neva inayopeleka hisia juu ya unyayo hupita karibu na njia ya kisu, na ikiguswa mtu huweza kubaki na ganzi au mchomo. Kichwa cha skrubu huweza kulika bisibisi isikamate, na kipande cha skrubu iliyokatika huweza kuachwa ndani ikiwa kukifuata ni hatari kuliko kukiacha. Tena maumivu huweza kubaki. Wengi waliotolewa vyuma vilivyokuwa vikiwasugua hupata nafuu, lakini si wote. Na kadiri maumivu yanavyokuwa ya jumla, yasiyo na mahali maalumu, ndivyo matumaini yanavyopungua.

MASHIMO YALIYOBAKI

Watu wengi hudhani kwamba chuma kikitoka, mguu huwa mzima saa ile ile. Sivyo. Kila skrubu huacha shimo, na mfupa wenye mashimo ni dhaifu mpaka mashimo hayo yajae, kazi inayochukua wiki nyingi. Kwa kawaida mgonjwa huruhusiwa kukanyaga mapema, akitumia magongo kwa siku chache, lakini hukatazwa kukimbia, kuruka, kucheza mpira na kubeba mizigo mizito kwa wiki 6 hadi 12 hivi, kadiri daktari atakavyoona.

Hapa ndipo suala la mguu linapokuwa suala la nyumba nzima. Karani anaweza kurudi mezani baada ya wiki moja au mbili. Lakini askari anayeshuka kreta, mpagazi, mkulima wa mlimani na kuli wa sokoni watakaa bila kazi zao za kawaida kwa muda mrefu zaidi. Nani atafungua kibanda? Nani atachota maji? Anayepanga kutolewa vyuma na aketi kwanza na jamaa zake wahesabu siku hizo. Ni busara kuchagua majira: mkulima asichague mwezi wa kupalilia, wala mkazi wa Karatu asichague masika, wakati kila njia ni mtelezo na kidonda ni vigumu kukiweka kikavu.

Hospitali kwa ujumla hazikosekani mkoani. Karatu yenyewe ina hospitali ya Kilutheri na ile ya FAME. Lakini kazi ya mifupa huhitaji mabingwa na vifaa, na huenda mgonjwa akaelekezwa Arusha, au KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, au hata Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996 jijini Dar es Salaam. Gharama basi si ya upasuaji pekee. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya msindikizaji, na safari ya pili ya kutoa nyuzi, ingawa hii mara nyingi huweza kufanywa katika kituo cha karibu. Mwenye bima aulize mapema kama upasuaji huu umo. Na aliyeumia kazini asisahau kwamba ajali za kazini huripotiwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kwamba matibabu ni miongoni mwa mafao ya mfuko huo. Amuulize mwajiri wake kama taarifa ilipelekwa.

MALI BILA DAFTARI

Jambo la mwisho ni dogo, halina gharama, na ndilo husahauliwa na wengi. Skrubu za vyuma vya mifupa si za aina moja. Nyingine zina tundu la pembe sita, nyingine la umbo la nyota. Zipo nene na zipo nyembamba, na kila moja ina bisibisi yake. Mgonjwa aliyewekewa vyuma katika hospitali moja akaenda kutolewa katika nyingine, bila karatasi yoyote mkononi, humwacha daktari akikisia. Ikitokea kwamba bisibisi iliyopo hailingani, kisu kimekwisha kupita na skrubu haitoki.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa kwanza, omba maelezo ya upasuaji wako kwa maandishi: tarehe, aina ya bamba, idadi na ukubwa wa skrubu, na jina la kiwanda kama linajulikana. Omba na picha za eksirei. Ziweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba, mahali ambapo mvua na watoto hawafiki. Baada ya miaka mitano utakapozihitaji, hutazitafuta kwa machozi. Na ukienda kupigwa picha ya sumaku siku za usoni, waeleze wahudumu kwamba una chuma mguuni. Mara nyingi hilo halizuii kipimo, lakini lazima walijue.

Kisha, kabla ya kukubali au kukataa upasuaji, muulize daktari maswali manne. Mfupa wangu umeunga? Ni chuma chenyewe kinachoniuma, au ni kiungo? Nikikiacha, kuna hatari gani? Nikikitoa, nitakaa siku ngapi bila kufanya kazi yangu, si kazi ya mtu mwingine? Daktari mwema hachukii maswali hayo. Hupenda mgonjwa anayeuliza kuliko yule anayeitikia kila neno na kwenda kulia nje.

Mwaka 1973 redio zetu zilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya, na wananchi walikaa katika vikundi wakisikiliza na kujadiliana juu ya afya zao. Ujumbe wake haujachakaa: afya ya mtu si jambo la kuamuliwa na uvumi. Askari wetu alimwonyesha daktari mahali buti linaposugua, akatolewa bamba wakati wa kiangazi, akapewa kazi za ofisini kwa miezi miwili, kisha akarudi doria. Mama wa vitunguu alibaki na chuma chake, na kuku wake wakaendelea kutaga. Wote wawili walifanya sawa, kwa sababu kila mmoja aliusikiliza mguu wake na daktari wake, wala si kijiwe.